Mlezi wa Kuku wa Maonyesho

Huku kwetu mtu akiugua tu, watu wanaanza kumsifu. Hata aliyegombania naye mpaka wa shamba miaka yote anavuta kigoda karibu na kitanda na kusema mzee huyu ni mtu wa watu. Mimi kipaji hicho sina. Mlezi anaumwa, na namwombea apone kama ambavyo ningemwombea mtu yeyote, lakini sikumpenda alipokuwa akitembea na sijaanza kumpenda kwa kuwa amelala. Nikinyamaza, yatabaki maneno ya wale wanaomwita baba wa watoto wa Masumbwe, na maneno hayo nimechoka kuyasikia.

Jina lake lipo, anayelitaka akaulize ofisi ya kijiji. Sisi tulimwita Mlezi kwa sababu alikuwa mlezi wa klabu ya watoto wafugaji, na jina la kazi likameza jina la mtu. Hata marehemu mkewe, ukienda kumuulizia, alikujibu kwamba Mlezi yuko mabandani, kama vile na yeye alikuwa mwanachama aliyekuja kulipa ada. Alikuwa bwana mifugo, akastaafu, na badala ya kukaa kimya kama wastaafu wengine, akajitafutia watoto wa watu wa kuwatesa kila Jumamosi.

Kuku wenyewe hawakuwa kuku tunaowajua. Walikuwa wale wadogo wa mapambo wanaoitwa bantamu, jogoo mzima unambeba kwenye kiganja. Wengine walikuwa na manyoya hadi vidoleni, wengine kishungi kilichofunika macho. Aliowapenda kuliko wote ni silki: weupe, manyoya laini kama nywele za mtoto mchanga, na chini ya manyoya hayo ngozi nyeusi, nyama nyeusi, mifupa myeusi. Mbegu aliachiwa na mhandisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi mgodi wa Buzwagi na kisha akahama nchi. Watu walicheka sana mwanzoni. Kuku gani huyu, walisema, hatoshi hata kitoweo cha mtu mmoja. Mlezi hakucheka. Sikumbuki kumwona akicheka na binadamu.

Na kuku je? Hao alicheka nao. Hicho ndicho kilichokuwa kikinichoma. Ungemsikia kwenye banda akiongea na tetea kwa sauti ya chini, akimwita mama, akimwomba radhi kabla ya kumgeuza kutazama kama ana utitiri. Kisha anageuka, anamwona mtoto aliyesimama na bakuli la pumba, na sauti inabadilika palepale. "Wewe. Umenawa?" Watoto wote walikuwa "wewe." Alikuwa nao miaka na miaka na sina hakika kama alijua majina yao yote.

Hodi hakupiga. Alikuwa na baiskeli ya zamani na mabuti ya mpira aliyovaa hata kiangazi, na alitokea kwenye nyumba za watoto siku yoyote, saa yoyote ya mchana. Anapita moja kwa moja uani, anaingia bandani, anakagua, ndipo anakuja mlangoni kukusalimia, na wakati huo ameshajua mnaishije. Mzazi mmoja alimwomba awe anatoa taarifa. Akajibu kwamba akitoa taarifa atakuwa anakagua maandalizi, na yeye shida yake ni kuku. Kwa hiyo tuliishi na wasiwasi, akina mama tunafagia banda la kuku kabla ya kufagia sebule.

Sheria zake zilikuwa nyingi. Mtoto alipewa mayai ya klabu, akayaweka chini ya kuku wetu wa kawaida anayeatamia, na vifaranga wakitoka ni mali yake kuwalea, lakini Mlezi ndiye mwenye neno la mwisho. Kuku anaogeshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kwa khanga safi. Miguu inapakwa mafuta ya alizeti, kidogo tu. Kuku anashikwa kwa mkono chini ya kifua, miguu katikati ya vidole, na si vinginevyo. Ni marufuku kumpa kuku jina. Alisema kuku mwenye jina anamfanya mtoto awe mjinga siku ya uamuzi. Watoto waliwapa majina hivyohivyo, kwa siri. Wa binti yangu Kabula aliitwa Pamba.

Siku ya uamuzi ndiyo hiyo niliyoichukia. Kabla ya maonyesho ya wakulima, Mlezi aliwapanga watoto uwanjani, kila mmoja na kuku wake, akapita akiwatazama. Undu wa kichwani umepinda, kidole kimepungua, unyoya mmoja una rangi isiyotakiwa, basi. Alikuwa na maneno manne tu: "Huyu ni wa mchuzi." Na hakuwa anatania. Kuku alirudi nyumbani akiwa amehukumiwa, na Jumamosi iliyofuata mtoto aliulizwa kama kuku huyo ameshaliwa, maana Mlezi hakutaka mbegu mbaya izaane kijijini. Nilimwona mtoto wa jirani yangu, mvulana mkubwa tu, akitembea njia nzima kurudi kwao huku amemfunika jogoo wake kwa shati lake mwenyewe asione tunavyomtazama. Nilimfuata Mlezi siku ile nikamwambia huo ni ukatili. Akanijibu bila kuinua macho kwamba majaji hawatoi zawadi kwa huruma. Kisha akampapasa kuku aliyekuwa mkononi mwake akamwambia pole kwa kelele.

Najua watakachonijibu wanaomsifu. Watasema kila mwaka alizunguka na chanjo ya kideri, nyumba kwa nyumba, bila kumtoza mtu. Ni kweli. Ila mimi naongeza kwamba alichanja kuku wetu ili wasiwaambukize wa kwake. Watasema pensheni yake iliishia kwenye mashudu na dagaa wa kuku wa watoto. Hilo nalo ni kweli, na mkewe alikufa akiwa na kitanda cha kamba.

Halafu watakutajia karasha, na hapo nakosa la kusema. Huku kila penye dhahabu pana karasha, mashine ya kusaga mawe, na kila penye karasha pana watoto wanaogonga mawe yaingie mashineni, vumbi limewafanya weupe hadi kope. Mlezi alikuwa anaingia pale na mabuti yake, anazima mashine kwa mkono wake mwenyewe, na kuwaambia watoto wa klabu waende wakaoshe vyombo vya maji vya kuku. Mwenye karasha alitoka siku moja amekunja ngumi. Mlezi akamkumbusha tu ng'ombe wake aliowatibu, na ngumi ikafunguka. Nililiona kwa macho yangu. Nilimshukuru Mungu siku hiyo kwamba mwanangu yuko klabu, kwa sababu baba yake alikuwa mbali, kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya upande wa Geita, na mimi nilikuwa sokoni na dagaa wangu tangu asubuhi. Kwangu klabu ndiyo iliyokuwa ukuta kati ya Kabula na yale mawe. Ndiyo maana nilivumilia mengine yote.

Sasa nisimulie kilichotokea, kwa sababu bila hicho mtaniona mwanamke mwenye kisirani tu.

Maonyesho yalikuwa yamekaribia. Kabula alikuwa na miaka kumi, na Pamba alikuwa amepita uamuzi. Mlezi alimgeuza, akamhesabu vidole, silki huwa na vitano kila mguu, akapuliza manyoya ya mgongoni, kisha akampita bila kusema lolote, na kwa Mlezi hiyo ilikuwa sifa kubwa. Sheria ilikuwa kwamba kuku aliyepita afungiwe kwenye kizimba nyumbani wiki mbili, asichafue miguu wala kuokota miiba. Kabula alikiweka kizimba nyuma ya jiko. Alikuwa akiamka kabla yangu kubadilisha maji.

Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutusalimia kutoka kwao, upande wa Mhunze. Bibi huyo alikuwa mtu mwema kweli. Mambo ya klabu hakuyajua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Mchana mmoja, mimi niko gulioni na Kabula yuko shule, Mlezi akatokea. Alikuja kumwona Pamba, ila alimwambia Bibi tu, kwa Kisukuma, kwamba yeye ndiye anayemfundisha mjukuu wake kufuga na angependa kumngoja atoke shule. Safari hiyo hakuweza kupita moja kwa moja hadi bandani. Bibi alimwahi uani akapiga magoti kumsalimu, "Mwadila, baba," na ukikuta mama wa kwetu amepiga magoti mbele yako humpiti, unakaa unapoonyeshwa. Akaketishwa kivulini mbele ya nyumba.

Mwalimu wa mjukuu amekuja, hawezi kuondoka na maji matupu. Bibi akaenda kutafuta kuku. Kuku wetu wa kawaida walikuwa wametawanyika kwenye mabua huko, nani atawakimbiza mchana. Lakini nyuma ya jiko alimkuta mmoja kwenye kizimba, safi, ananenepa, anayekuja mkononi mwenyewe. Kwao kuku akifungiwa peke yake anangoja mgeni. Bibi alifurahi kwamba mkwe wake ana akili ya kuweka akiba ya mgeni. Alipomnyonyoa akaona weusi, akashtuka kidogo, akadhani ndivyo walivyo kuku wa huku machimboni. Akaunga kwa karanga nyingi ili mgeni asione rangi.

Nilifika na Kabula mlangoni karibu wakati mmoja. Mlezi alikuwa amemaliza kula. Bibi akamwambia Kabula alete birika na beseni amnawishe mwalimu wake. Kabula akaleta, akapiga magoti, akaanza kumiminia maji. Mimi nikatazama bakuli. Mifupa ilikuwa myeusi, imepangwa pembeni kwa adabu, na firigisi, ambayo Bibi alikuwa ametuambia kwa furaha kwamba amempa mgeni, haikuwepo. Nikamtazama mwanangu. Naye alikuwa anatazama bakuli. Maji yaliisha kwenye birika na yeye bado ameliinamisha, halitoki kitu. Mlezi akasema, "Inatosha, mwanangu."

Akafuta mikono. Akamshukuru Bibi, "Wabeja gete, mayu." Akapanda baiskeli akaenda.

Mnaona? Alikuja kumwona kuku, akaondoka bila kumuulizia kuku. Mtu ambaye hukagua banda kabla ya salamu alikaa kwangu mchana mzima na hakuuliza Pamba yuko wapi. Mtu anayejua kuliko wote wilayani mfupa mweusi ni wa kuku gani. Nilijua kwamba anajua. Nilitaka tu siku moja aseme kwa kinywa chake.

Kabula hakulia. Bibi alipouliza kwa nini mtoto hali, akajibiwa kwamba tumbo linamuuma. Hakumwambia, wala mimi sikumwambia. Bibi alifariki miaka michache baadaye akijua kwamba alimkirimu vizuri mwalimu wa mjukuu wake, na hakuna aliyemharibia hilo.

Jumamosi nikafuatana na Kabula klabuni. Nilidhani Mlezi atamwita pembeni. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba labda atampa pole. Watoto walikuwa wamepangwa na vizimba vyao, na Kabula amesimama na kizimba kitupu. Mlezi akafika mbele yake.

"Kuku wako yuko wapi?"

"Hayupo, Mlezi."

"Ameenda wapi?"

Kabula akainua macho akamtazama. Alimtazama muda mrefu, watoto wengine wakaanza kugeuka. Hakusema. Angesemaje, amtaje bibi yake, au amwambie mtu mzima mbele ya watu kwamba umemla? Tumewalea wasiseme hivyo.

"Asiyejua kuku wake yuko wapi hawezi kusimama mbele ya majaji," Mlezi akasema. "Acha kizimba hapo, nenda nyumbani."

Nilifungua mdomo. Akaninyooshea kiganja. "Mama Kabula, hapa wanaongea watoto."

Klabu ilishinda zawadi mwaka ule. Walipiga picha, Mlezi katikati na mabuti yake. Na Jumamosi za mwanangu zikabaki tupu. Nilimkataza, nilimchapa, nilimfungia, lakini mtu wa gulio hawezi kulinda mtoto mchana kutwa, na marafiki wa mtaani walikuwa wanajua mahali mtoto anapopata hela ya maandazi. Nikamkuta karasha, mweupe kwa vumbi, na nyundo mkononi. Nikamtoa. Akarudi. Jiwe lilimponda kidole cha kati akakosa mitihani ya mwaka ule, akarudia darasa.

Lakini hata hilo silo linalonifanya nimchukie zaidi Mlezi. Linalonifanya nimchukie ni hili. Siku moja alikuja karasha kama kawaida yake, akazima mashine, akaita watoto wa klabu mmoja mmoja waondoke. Kabula alikuwa amekaa palepale, hatua chache tu. Mlezi alimwona. Akawasha mashine, akaondoka na wale wengine. Mwanangu alinisimulia jioni hiyo, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anachambua mchele. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwona Mlezi njiani nabadilisha upande.

Miaka imepita. Kabula sasa ni msichana mkubwa, anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, wa kuuza, na wanamzalia vizuri. Sukari imemla Mlezi miguu. Klabu ilikufa taratibu, watoto wamekwenda Kahama, Mwanza na kwingine, na wa sasa wanapenda simu. Mwezi uliopita akanitumia mtu kwamba anaomba kuniona. Mgonjwa akikuita huwezi kukataa, hata kama ni huyo. Nikachukua unga na sukari, kisha nikakumbuka ugonjwa wake nikairudisha sukari. Kabula akasema atanisindikiza, ila ataishia nje.

Nilimkuta kitandani, mwembamba, mabuti yamesimama ukutani hayana wa kuyavaa. Hakuzungusha maneno. Alisema silki wamebaki wachache, jirani anayewalisha hajui kitu, wakifa hawa mbegu imekwisha huku kote. Amefikiri watoto wote waliopita mikononi mwake, na mwenye mkono wa kuku alikuwa mmoja tu. Alitaka Kabula awachukue.

Nilimwambia kwanza ajibu swali langu. Kama alijua.

"Nilijua nilipofunua bakuli," akasema.

"Na ukala."

"Yule mama alikuwa amepiga magoti, Mama Kabula. Ningekataa, ningemwambia nini? Angejifia kwa aibu kwenye nyumba ya mwanawe. Nikala. Kila tonge nililihisi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi na hilo halikuwemo. Kwa muda nilikosa pa kuishika hasira yangu. Kisha nikaipata.

"Na Jumamosi?"

Nje kuku walikuwa wanalia, wale wadogo, sauti nyembamba.

"Nilikuwa nimemtengea mwingine," akasema. "Tetea mzuri, alikuwa bandani kwangu. Nilimngoja aseme tu. Angesema mbele yao kwamba ni mimi niliyemla, ningekubali, na angekwenda maonyesho na yule wangu. Nilimuuliza mara mbili. Hakusema."

"Alikuwa na miaka kumi, Mlezi. Ulitaka mtoto wa miaka kumi akuvunjie heshima, kwa sababu wewe mzee mzima ulishindwa kujivunjia mwenyewe."

Sikumhurumia, niseme ukweli. Nilikuwa na mengine, ya karasha, ya kidole, na ningeyasema yote, ila mlango ulisukumwa na Kabula akaingia. Sijui alisimama pale tangu lini. Mikono yake ilikuwa imelowa.

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba, mwanangu." Alijaribu kujiinua kwa kiwiko. "Kabula. Ile siku..."

"Maji yao yalikuwa na ukijani, nimeyamwaga," Kabula akasema. "Mmoja ana ukurutu miguuni. Nimeona tenga hapo nje, nitawabebea humo. Hao hawakunikosea kitu."

Akageuka akatoka. Mlezi akasema ahsante kwa mlango uliokuwa umeshafungwa, akarudia, akaongeza mwanangu. Kisha akanigeukia mimi akasema ahsante na kwangu. Nikasimama, nikafunga khanga yangu vizuri, na nikatoka kwenda kumsaidia binti yangu kukamata kuku.